Matuta Nyuma ya Mtaa

Tangu juma lililopita, nikienda sokoni ninapita njia ya kuzunguka ili nisikutane na watu. Acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mimi ni mpimaji wa ardhi katika ofisi ya zoni, hapa Lubumbashi. Mji unafurika watu wanaofuata kazi ya shaba, na komiseri wetu, mkuu wa zoni, alinituma nitafute mahali pa kujenga nyumba za bei nafuu. Nikapata, nyuma ya mtaa mmoja, uwanja mpana uliojaa matuta madogo yenye majani.

"Ni mashamba ya zamani ya viazi," nikamwambia komiseri. Sikuwa nimemuuliza hata jirani mmoja. Msomi kama mimi aulize nini?

Siku ya kumwonyesha komiseri uwanja, nilivaa abakosti mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Wanawake wa mtaa wakaja, wakaketi pembeni, wakiyatazama matuta. Nikadhani wanahofia mazao yao, nikapanda juu ya tuta moja ili wote wanione.

"Bamama, musiogope!" nikasema kwa sauti. "Mbele ya kujenga, kila muntu atakuja kuchimbula kile alipanda."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akainuka, akaja karibu, akitazama viatu vyangu.

"Sitwayeni," akasema taratibu, akiniita "mwananchi" kwa lile neno la serikali, "hapa hatukupanda kitu. Tulizika batoto yetu, ile mwaka ya surua."

Komiseri akavua kofia. Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya lile tuta.

"Shuka, baba," yule mama akaniambia. "Uko juu ya mutoto wangu."