Kitambaa cha Gari la Jibril

Miaka thelathini na mmoja Jibril ameshika usukani kati ya Busia na Tororo, na hajawahi kugonga hata kuku. Nasema hata kuku, na kuku wa barabara ile wanajulikana, hawana adabu. Wakulima wa Mella humkabidhi magunia yao ya mihogo mikavu bila maswali. Madereva wenzake humcheka kwamba anaendesha kama aliyebeba mayai, naye hufurahi kana kwamba amesifiwa.

Siri yake haikuwa kubwa: alikuwa anaangalia barabara. Alijua kwamba saa kumi jioni, kwenye kona ya Sikuda, Mzee Ekaju huvusha ng'ombe wake kwenda kunywa maji. Jibril hupunguza mwendo kabla ya kona, husimama, ng'ombe hupita, kisha Ekaju, aliye nyuma ya mkia wa mwisho, hupiga boneti kwa kiganja mara mbili. Ndiyo asante yake. Wameishi hivyo zaidi ya miaka kumi, bila hata siku moja kuketi pamoja wakanywa chai.

Kisha likaja gari jipya. Jipya kwake, maana Japani walikuwa wameshalichoka. Kando ya usukani lilikuwa na kioo cha video kikubwa kama sinia, na ndani ya kioo sauti ya mwanamke aliyesema Kijapani kila gari likiwashwa. Jibril, mtu mzima mwenye mjukuu, akawa anamjibu, "Ndiyo, mama." Mkewe, Rukiyah, akamwambia kama ameoa mke wa pili, basi amlete nyumbani aoshe vyombo. Phanuel, fundi wa redio pale Busia, akaiunganisha simu na kile kioo, na hapo ndipo mzee wetu alipopotea kabisa. Nampenda sana Jibril, lakini ukweli usemwe: alikuwa kama mtoto aliyepewa pipi.

Alhamisi moja akirudi kutoka Tororo, ujumbe ukaingia. Binti yake Fauziya, aliyeolewa Mbale, alikuwa ametuma video. Jibril akaigusa kwa kidole, na mjukuu wake akajaa kiooni, anasimama dede. Mtoto akayumba, akainua mguu mmoja. Jibril akacheka peke yake, akangoja mguu wa pili. Nani asingengoja? Alipoinua macho, kona ya Sikuda ilikuwa imeshafika na barabara imejaa pembe.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaserereka, likasimama hatua moja tu kutoka mgongoni mwa Ekaju. Mzee akageuka taratibu, akaliona boneti liko karibu kuliko siku zote, akalipiga kwa kiganja mara mbili.

Jibril akashuka. "Nisamehe, Mzee Ekaju. Nilikuwa naangalia mjukuu kwenye kioo. Mbona hukukimbia?"

"Nakimbia ya nini?" Ekaju alishangaa kweli. "Mimi nasikia gari inakuja mbio, naangalia, naona ni yako. Nasema, ah, ni Jibril tu. Huyo anasimama."

Jibril alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote, na alipofika kwenye maneno ya Ekaju akalia. Rukiyah hakumtania. Nyumbani kwake kila kitu kina kitambaa cha kufuma: viti, meza, hata televisheni. Akachukua sindano yake na uzi mweupe, na kufikia Jumamosi kilikuwa tayari kingine, chenye ua katikati, kimepimwa sawasawa na kile kioo.

"Macho hayana pazia, Baba Fauziya," alisema akikifunga. "Basi pazia tuliweke huku."

Wenzake stendi husema Jibril amegeuza gari kuwa sebule. Waseme. Mjukuu sasa Jibril humtazama kiooni akiwa ameshazima gari mlangoni kwake, Rukiyah akiwa kando, na wote wawili wanakijua kila kidole cha mtoto yule.

Na pale Sikuda siku hizi husimama mbali mno, kabla hata kona haijaanza. Ekaju hulalamika, kwa maana inambidi kutembea hatua ishirini na miguu yake mibovu ili alifikie boneti. Lakini huja. Jibril humngoja, macho mbele, mpaka kiganja cha pili.