Maji Meupe ya Mufereji

Ndugu zangu, leo mufereji wa kiwanda umetoa maji meupe, na sijapata kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Munajua kazi yangu pale kiwanda cha vitambaa: nachunga mufereji unaopeleka maji machafu ziwani. Siku ya kutia rangi ya buluu, mufereji nao unakuwa buluu. Njo kawaida yake.

Leo tumetia buluu tangu asubuhi.

Mufereji ukatoa maji meupe kama ya mvua.

Kapita wetu, musimamizi wa kazi, Papa Shabani, akafurahi. "Alhamdulillahi, Mungu ametusafishia!"

Nikajisemea moyoni: Rangi haifi, Papa. Rangi inahama.

Nikaufuata mufereji nyuma mpaka kwenye shimo tunamotuliza uchafu. Chini, udongo umepasuka. Maji ya buluu yalikuwa yanazama humo polepole, bila sauti, kama kuna muntu anakunywa kule chini.

Na chini ya muteremko ule kuna kisima cha kambi yetu ya wafanyakazi.

Nikakimbia. (Ndiyo, na tumbo langu hili. Mucheke tu.)

Kisimani nikamukuta jirani yangu, Mama Zaina, amejaza ndoo. Maji yanang'aa, hayana hata doa. Nikapumua.

"Mama, maji ya leo yakoje?"

"Matamu, Papa! Kambi nzima tunakunywa tangu asubuhi."

Akacheka. Meno yake yote yalikuwa ya buluu.

Karatasi hii nimeibandika mulangoni pa kantini, kila muntu asome. Je, leo umekunywa maji ya kisima? Andika jibu lako hapa chini.

Lakini kabla ya kuandika, simama mbele ya kioo, utoe ulimi.