Viatu Vilivyoning'inia kwa Mama Soli

Shangazi yangu, mdogo wake baba, alipiga pasi kwenye duka moja kubwa la dobi mjini tangu akiwa msichana. Wenzake kazini walimwita Pasi, na jina hilo likamfuata nyumbani na sokoni, mpaka nadhani angeitwa kwa jina lake la kuzaliwa asingegeuka. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini mikono yake ilikuwa na nguvu za kushangaza, na kitambaa chochote alikijua kwa kukigusa tu. Sufu halisi ikipata mvuke, alituambia, inanuka kama nywele zilizolowa. Ile ya kuchanganyachanganya inanuka kama ndoo ya plastiki iliyosahaulika juani.

Mama alikuwa mpishi wa shule, baba fundi mwashi, na watoto tulikuwa watatu: dada yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume ambaye suruali zilimkimbia miguuni kila baada ya likizo. Nyumba ilipohitaji nguo, mama alimkabidhi Shangazi kile kilichopatikana, na kilikuwa kidogo sikuzote, akamwambia, "Wifi, tuvalishe." Basi Shangazi aliingia kwenye mitumba asubuhi na kutoka saa za mchana, na sisi tukapendeza. Kuna jirani aliyewahi kumbana mama ukutani amwambie ukweli, ni ndugu gani yuko ng'ambo anayetutumia vitu.

Niliandamana naye mara nyingi, na hata leo nikikumbuka namna alivyochagua, mwili unanisisimka. Watu walijitupa juu ya rundo wakavutana na kusukumana. Yeye alisimama kando, mikono nyuma, akitazama tu. Kisha aliingiza mkono mmoja katikati ya lile rundo, kama mtu anayechukua kitu chake kwenye kabati lake mwenyewe, akatoa gauni. Aligeuza ndani nje, akakagua makwapa, akavuta mshono, akainua kitambaa kwenye mwanga. "Huyu aliyeshona hii," aliwahi kuniambia, "alikuwa na subira. Angalia ndani kulivyo safi. Watu wengi wanashona nje vizuri, ndani wanamaliza hasira zao." Nilitazama ule mshono nikaona kweli, na tangu siku hiyo siwezi kununua nguo bila kuipindua.

Mtu mmoja tu katika familia alimshinda Shangazi, naye ni kaka yake.

Baba alikuwa mrefu, lakini urefu si tatizo, suruali inaweza kuunganishwa. Tatizo lilikuwa miguu. Sijapata kuona miguu kama ile kabla wala baada. Kazini alivaa buti za mpira zilizokatwa mbele ili vidole vipate pa kutokea. Kwingine kote alivaa ndala za tairi alizochongewa na fundi viatu wa mtaani kwetu. Fundi huyohuyo alijaribu mara moja kumshonea viatu vya ngozi, wakati wa harusi ya mjomba, na vikatoka kama mabegi mawili ya shule. Baba alivitazama, akamshukuru fundi kwa heshima zote, akabaki nyumbani siku ya harusi.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Kwenye mikutano ya wazazi alikwenda mama. Penye sherehe, baba alitusindikiza mpaka mlangoni, akasema, "Nyinyi ingieni, mimi nipo hapa nje napunga upepo." Alisema kwa uchangamfu, tena akimtania mlinzi, kiasi kwamba mgeni angeamini ni mtu asiyependa kukaa ndani. Sisi tulijua. Hatukulizungumza.

Kisha dada yangu akamaliza chuo cha uuguzi. Alikuja nyumbani wiki chache kabla ya mahafali, akakaa kitako sakafuni karibu na mama aliyekuwa akichambua mchele, akaeleza utaratibu. Kila mhitimu ataitwa jina, atapanda jukwaani, na mzazi wake atapanda kumvisha beji.

"Mama utanivisha wewe," alisema haraka haraka, macho kwenye mchele.

Baba alikuwa mlangoni anakwangua saruji kwenye mwiko wake. Akasema, "Vizuri. Mimi nitakuwa getini, ukitoka tu unanikuta."

Shangazi, ambaye alikuwa amekuja kutushonea vifungo, alikata uzi kwa meno akamtazama kaka yake.

"Kaka, Jumamosi una kazi?"

"Sina."

"Basi twende wote sokoni."

"Nikafanye nini mimi sokoni?"

"Ukanibebee mzigo."

Baba hakuwahi kumkatalia mdogo wake mzigo. Jumamosi tukaenda, Shangazi mbele, baba nyuma na ndala zake, mimi katikati.

Tulianzia kwenye maduka ya viatu vipya, yale yenye vioo. Wauzaji waliangalia chini, wakaangaliana, mmoja akaingia stoo akatoka na boksi la viatu alivyojua mwenyewe havitoshi. Tukahamia kwenye mitumba. Tulipita meza moja baada ya nyingine. Shangazi alikuwa na kamba aliyompimia baba mguu, akawa anaiingiza kwenye viatu kama fundi bomba anayetafuta panapovuja, na kila mara kamba ilijikunja ndani. Kufikia saa sita baba alikuwa ameshaanza mizaha yake. Alimwambia muuzaji mmoja, "Usihangaike bwana, nitafutie maboksi mawili tu ya viatu, nifunge kamba, nitembee." Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mwisho wa kichochoro cha viatu palikuwa na kibanda cha mwanamke mnene mwenye sauti ya king'ora, aliyejulikana kama Mama Soli. Kila mtu alikijua kibanda chake, kwa sababu juu ya kichochoro, kwenye waya, alitundika jozi ya viatu vikubwa kupita kiasi. Vilikuja zamani ndani ya robota la mitumba, havikumtosha binadamu yeyote, basi akavifanya bango. Mtu akipotea sokoni aliambiwa, "Nenda mpaka kwenye viatu vya jitu, halafu kata kushoto." Watoto walivirukia ili wavipige viyumbe. Mimi mwenyewe niliwahi kuvirukia. Shangazi alikuwa amepita chini yake miaka nenda miaka rudi.

Mimi na Shangazi tukapita chini kama kawaida. Baba, ambaye hakuwahi kufika pale na alikuwa bado anachekeshana na watu, akajigonga navyo kwenye paji la uso.

Alivishika visiendelee kuyumba. Nikageuka nikamwona amesimama, kiatu kimoja kila mkono. Akakigeuza kimoja akatazama soli. Kisha akatazama mguu wake.

"Pasi," alimwita Shangazi, kwa sauti ndogo.

Shangazi alirudi. Alimtazama kaka yake, akavitazama viatu, mdomo ukabaki wazi. Naapa sijawahi kumwona Shangazi akiduwaa kabla ya siku ile.

"Mama Soli," alisema hatimaye. "Teremsha hivyo."

"Hivyo haviuzwi, ni bango langu!"

"Nimesema teremsha."

Vikateremshwa. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake kama unga. Shangazi alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakilowesha kwa maji ya kunywa, akaanza kufuta. Chini ya vumbi ikatokea ngozi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, yenye vitobo vidogo vidogo vilivyopangwa kama maua mbele ya vidole. Soli ilikuwa ya ngozi, imeshonwa kwa mkono. Ndani palikuwa safi, pameng'aa, hapajawahi kuguswa na jasho la mtu.

"Mungu wangu," Shangazi alinong'ona. "Hivi vilitengenezwa kwa ajili ya mtu. Mtu maalumu. Na hakuwahi kuvivaa."

Baba akakaa kwenye kreti. Mama Soli, bila kuombwa, akamrushia soksi. Mguu wa kushoto ukaingia taratibu, kisigino kikashuka, na hewa ikatoka ndani ya kiatu kwa mlio mwembamba kama mtu anayeshusha pumzi.

"Kinabana?" Shangazi aliuliza.

"Hapana."

"Kinapwaya?"

"Hapana."

"Sema basi kinafanyaje!"

"Kimenienea," alisema baba, kama mtu anayetoa taarifa asiyoiamini mwenyewe.

Akavaa cha pili. Akasimama. Wauzaji wa jirani walikuwa wameshaacha meza zao. Alipoanza kutembea, visigino viligonga mawe ya kichochoro, ko, ko, ko, na watu wakampisha njia. Nilimjua baba kwa mburuzo wa ndala. Kutoka chumbani niliweza kusema huyo ni yeye. Sasa nilimtazama mtu mrefu, mabega yamefunguka, anakwenda mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, anakanyaga kwa uangalifu kama aliye juu ya dari mpya ya zege. Hakucheka wala hakutania. Hata Mama Soli alishusha sauti.

"Miaka yote hii nilidhani nimetundika kichekesho," alisema.

Lakini biashara ni biashara. Alipotaja bei, Shangazi aliruka. Wakavutana, mmoja anasema bango lake limemletea wateja, mwingine anasema kwani aliyekuletea robota alikuuzia bango? Mfukoni Shangazi alikuwa na fedha ya kuvalisha familia nzima, na viatu peke yake vingeimeza. Ni baba aliyemaliza ubishi. Alikuwa anatazama chini, pale kibandani.

"Mvua ikinyesha hapa, mama, si unauza tope?"

"Naogelea, kaka yangu. Msimu uliopita nilitupa gunia zima."

"Nipe viatu kwa nusu ya unachotaka. Wiki ijayo nakuja kukupigia sakafu ya saruji, na mteremko wa kutoa maji, na kizingiti. Wewe nunua mifuko na mchanga tu."

Mama Soli alimtazama huyu mtu aliyevaa bango lake, akanyoosha mkono, wakashikana.

Kwa kilichobaki Shangazi alifanya maajabu yake. "Viatu vikiwa hivi," alisema, "nguo haziwezi kubahatisha." Alimpatia baba suti ya buluu iliyokolea, mikono mifupi kidogo, suruali imeishia juu ya kifundo. Nyumbani akafumua pindo zote. Wenye kiwanda walikuwa wamekunja kitambaa kingi ndani. Mistari ya pindo la zamani aliifuta kwa siki na mvuke, kidogo kidogo, mpaka ikapotea machoni petu. Mama alipata gauni la kijani lililokosa vifungo, na vifungo vikatoka kwenye koti bovu alilolinunua kwa bei ya karanga, vya mfupa, vizito. Mdogo wetu alipata shati jeupe na suruali yenye akiba ya kukulia. Mimi nilipata sketi ya manjano ya marinda na viatu vyenye kisigino kidogo, vyangu vya kwanza. Usiku wa kuamkia mahafali niliyashika tu yale marinda.

Asubuhi Shangazi alifika amevaa kuliko sisi sote: suti ya rangi ya zambarau na kofia. Mama akapiga makofi kwa mshangao.

"Wifi! Na wewe?"

"Kwani mimi nakuja kusindikiza mtu?"

Tulifika kwenye geti la chuo. Kwa mazoea tukapunguza mwendo, tukingoja baba aseme lile neno lake. Baba alimsalimia mlinzi, akaweka tai sawa, akapita. Tukamfuata nyuma kama vifaranga.

Jina la dada lilipoitwa, alipanda jukwaani akimtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa amekaa. Aliyekuwa anapanda ngazi ni baba, na zile mbao zilitangaza kila hatua yake ukumbi mzima. Dada aliona suti kwanza, kisha uso, kisha akatazama chini. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba," alisema, na kipaza sauti kikainasa sauti yake, "umeingia ndani!"

Watu wengine hawakuelewa kwa nini mstari mmoja mzima, wa kwetu, ulilia kwa wakati mmoja. Vidole vya baba, vilivyozoea matofali, vilihangaika na ile pini mpaka dada akamsaidia.

Sakafu ya Mama Soli ilikuwa imeshapigwa, wiki ileile baba aliyoahidi, na sijasikia ikipasuka.

Miezi michache baadaye, Jumapili moja, baba alivaa suti na viatu vyake akaniambia nijiandae. Tulikwenda katikati ya mji, kwenye jengo refu la ofisi lenye mlango wa kioo. Mlinzi akaufungua, akainamisha kichwa. "Karibu, mzee." Ndani palikuwa kimya na baridi, na ngazi pana ya mawe yaliyosuguliwa ilipanda ikizunguka hadi juu, isiyo na nguzo hata moja ya kuishikilia. Sikuelewa inasimamaje. Baba akapanda hatua chache, ko, ko, ko, akaegemeza kiganja kwenye ukuta.

"Tuliijenga mwaka uliozaliwa," alisema. "Siku ya kuondoa mbao zilizoishikilia, msimamizi alituambia tutoke nje sote, kwa usalama. Sikuwahi kurudi kuiona ikiwa imesimama."

Akainua uso akaitazama mpaka juu kabisa, nami nikasimama chini yake nikiitazama pamoja naye.