Bosi Bila Stoo

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Bosi Bila Stoo, na jina likamganda kama kupe. Hakulikataa, maana lilikuwa kweli tupu. Dukani kwake hapakuwa na rafu, kufuli wala hata kitambaa kimoja. Duka zima lilikaa ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Mteja aliona picha ya gauni, akalipa. Bosi akatuma oda kwa msambazaji, mtu wa nchi ya mbali ambaye hakuwahi kumwona. Msambazaji akafunga mzigo na kuupeleka moja kwa moja kwa mteja. Bei ya Bosi ilikuwa juu kidogo ya ile ya msambazaji, na hicho kidogo ndicho alichokula.

Mama yake, fundi cherehani kwa miaka thelathini, alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo unauza nguo usiyoishika?"

"Mama, ndiyo biashara ya siku hizi."

"Hata anayekuuzia mbuzi kwenye gunia, mbuzi mwenyewe kamwona."

Bosi akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa. Wenzake mtandaoni nao walimwambia aagize sampuli, yaani gauni moja la kujaribu, kabla ya kuuza. Akaona wanamwonea wivu. Akaweka picha ya gauni la kijani lenye zipu mgongoni, akalisifia kwa maneno ambayo hata msambazaji angeona haya kuyasema. Watu arobaini wakaagiza.

Kosa lenyewe alilifanya mapema, siku ya kufungua duka. Fomu ya soko la mtandaoni ilimuuliza Bosi: mteja asiyeridhika arudishe mzigo wapi? Msambazaji alishasema yeye hapokei marejesho. Basi Bosi, kwa kiburi cha mtu asiyetarajia kurudishiwa chochote, akaandika anwani ya nyumbani kwa mama.

Zipu zikaanza kufa wiki ya tatu. Mteja mmoja zipu ilimwachia katikati ya kikao cha kazini, akaegemea ukuta mpaka wote walipoondoka, kisha akaandika malalamiko marefu kama hati ya mashtaka. Vifurushi vikaanza kurudi. Kochi likapotea, meza ikapotea, mama akawa anapima wateja wake jikoni kati ya sufuria.

"Hongera," kaka akasema mlangoni, akikosa pa kukanyaga. "Stoo umepata."

Bosi hakucheka. Kila mteja aliyenuna alimpa nyota moja, na soko lilikuwa limempa siku saba: nyota zisipopanda, duka linafungwa. Hakuwa na kazi nyingine, na alishajigamba kwa ukoo mzima. Akakaa juu ya vifurushi akisoma maoni, machozi yakimlengalenga. Nyota moja. Nyota moja. "Wezi wakubwa," nyota moja.

Halafu nyota tano, peke yake: "Gauni zuri, rangi haichuji. Zipu nimebadilisha mwenyewe, kazi ya dakika kumi."

Bosi akainua macho. Mama alikuwa kwenye cherehani, amevaa aproni yake ya siku zote. Chini ya aproni palichungulia pindo la kijani.

"Mama, ulinunua kwangu?"

"Nilitaka kujua mwanangu anauza nini."

"Na zipu ilipoharibika, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia uishike. Hukushika." Mama akafungua droo, akatoa wembe na bunda la zipu mpya, za chuma. "Tutazirekebisha zote na kuwarudishia wenyewe. Ushonaji niachie mimi. Wewe fumua."

Bosi akafungua kifurushi cha juu. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiliuza gauni lile, na alikuwa amewaandikia watu kwamba ni jepesi kama pamba. Akalipakata magotini.

"Mama," akasema, "kumbe ni zito hivi?"