Rafiki Yangu Alinipa Karatasi Nisome Mbele ya Watu

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane, nauza chumvi ya Katwe hapa Bwera. Barua hii ameniandikia karani mmoja wa Kasese asiyenifahamu, kwa sababu mimi sijui kusoma wala kuandika. Nje ya nyumba yangu siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita Mbambu.

Mbambu alisoma shule ya misheni. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa akinisomea barua zangu zote, na hakuwahi kunicheka. Basi tukasikia serikali inataka kufungua maktaba, na kila upande uchague mtu mmoja wa kukaa kwenye kamati. Nikamwambia natamani kusimama, ila naona haya. Akanijibu, "Dada, kamati ni kazi ya kusema na watu, na wewe watu wanakusikia. Simama. Kusoma niachie mimi."

Tulizunguka pamoja majuma matatu. Alinisomea lile tangazo la maktaba jikoni kwangu mara nyingi hadi nikalishika lote kwa moyo.

Siku ya kuchagua, chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, alisema wanaotaka kiti wasimame mbele, watu wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Nikasimama. Mstari wangu ulikuwa mrefu, nikaona hata wazee wa Kikristo wamo, ingawa mimi ni Mwislamu. Ndipo Mbambu naye akaja mbele. Nilidhani anakuja kunisemea. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akanipa, akasema kwa sauti ya upole, "Mama huyu anataka kutuletea vitabu. Atusomee kidogo tangazo la maktaba, tufurahi."

Niliishika ile karatasi nikamshukuru Mungu, maana tangazo nalijua. Nikaanza, "Watu wote wa wilaya wanatangaziwa kwamba..." Nikaenda hadi mwisho bila kukwama. Chifu akaichukua ile karatasi, akaitazama, akaniambia polepole, "Mama, hili ni tangazo la chanjo ya ng'ombe."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu mmoja akasema, "Kumbe iko kipofu wa karatasi." Mbambu akasema basi yeye atasimama, na mstari wangu ukahamia kwake, mmoja mmoja, nikiwatazama. Nyuma yangu walibaki wanawake watano, nao hawajui kusoma kama mimi.

Kwa miezi miwili nilikuwa nikimwona sokoni nageuza uso.

Juzi alikuja mlangoni kwangu. Kamati imekosa nyumba, na chumba changu cha barabarani ndicho pekee kisichovuja. Bila chumba, vitabu vitabaki Kasese. Nikamuuliza, "Mbambu, kwa nini ulinifanyia vile?" Akasema, "Ungeshinda, ningekuwa msomaji wako maisha yangu yote. Mimi pia nilitaka kuitwa jina langu." Hakuomba msamaha. Akaongeza, "Vitabu havina kosa, dada."

Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, anataka vile vitabu kuliko nguo. Lakini nikikubali, kila asubuhi nitamsikia Mbambu akifungua mlango ndani ya nyumba yangu, na watu wakimwita mheshimiwa. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ndugu zangu, nyinyi mngekuwa mahali pangu, mngempa kile chumba? Niambieni ukweli, hata kama utaniuma.