Sekunde Kumi na Mbili za Baba

Binti Kofia alikuwa akimwona baba yake sekunde kumi na mbili kwa wiki, tena kwa kulipwa mshahara. Ndiyo mambo ya siku hizi, aliyeyaomba simjui.

Kazi yake ilikuwa kukaa ghorofa ya pili, kwenye ofisi ya kampuni ya malori, na kutazama nyuso za madereva. Kila lori lilifungwa kamera ndogo juu ya usukani. Dereva akifumba macho kupita kawaida, kamera inampigia kelele, kisha inatuma ofisini video ya sekunde kumi na mbili pamoja na mwendo wa gari. Binti Kofia anaitazama, anabonyeza "Si kosa" au "Usingizi". Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini wahenga hawakuwa na kamera. Tangu zifungwe, hakuna lori hata moja lililoingia mtaroni.

Lori namba kumi na nne liliendeshwa na baba yake, mzee wa miaka sitini na moja, aliyebandikwa jina la Kofia kwa sababu ya kofia ya sufu asiyoivua hata juani. Alikuwa na miaka thelathini na tano barabarani. Binti alipokuwa mdogo, baba aliingia Jumamosi, akalala, akaondoka Jumatatu. Mtoto alivuta kigoda kando ya kitanda akamsubiri aamke, na mama akinong'ona mlangoni, "Mwache baba apumzike." Mara nyingi mtoto ndiye aliyesinzia kwanza. Sasa mama hayupo, na nyumba ilikuwa na mtu mmoja na nusu.

Siku alipopata kazi ile, mzee alimpigia simu.

"Kwa hiyo nikifumba macho, unaniona?"

"Ndiyo, baba. Mimi ndiye ninayekuona."

"Haya, nimesikia."

Tangu hapo, akiwa kwenye foleni ya mizani, injini ikinguruma na gari limesimama, mzee alifumba macho kwa nguvu kama mtoto wa mchezo wa kujificha. Kamera ikipiga kelele, anayafumbua, anainua kofia, anatabasamu. Video haikuwa na sauti, lakini midomo ilisomeka: "Umekula, mama?"

"Nimekula, baba," binti aliijibu skrini, na mwenzake wa meza ya pili akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mwendo ulisomeka sifuri. Alibonyeza "Si kosa", na hakuwa amemdanganya mtu.

Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, namba kumi na nne ilileta video nyingine. Safari hii kope zilishuka polepole. Kichwa kikaegemea upande, kofia ikateleza. Kelele ilipomshtua, mikono iliurukia usukani na mabega yakayumba. Akameza mate. Kisha akaitazama kamera, akainua kofia, akatabasamu.

"Umekula, mama?"

Pembeni mwa skrini, mwendo ulikuwa sabini na nane.

Binti aliirudia mara tatu. Alielewa kwamba anaombwa, na baba yake hakuwahi kumwomba kitu maishani. Kwa kanuni ya kampuni, aliyevuka miaka sitini akikutwa na usingizi wa kweli, hata mara moja, anarudisha funguo moja kwa moja. Angebonyeza "Si kosa", nani angeuliza?

Kilichomtesa zaidi ni kwamba alimtaka nyumbani. Alimtaka tangu enzi za kigoda. Laiti asingemtaka hivyo, kidole kingejua kazi yake. Sasa hakujua kama anamwokoa mzee au anamwiba.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alijisemea, na methali haikumsaidia kitu. Akabonyeza "Usingizi", akaenda chooni, akalia.

Mzee alifika kesho yake alasiri na begi moja na mto wake wa garini.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Aliweka begi chini. "Jana nilikuwa nakusalimia tu."

"Gari lilikuwa linakwenda, baba."

Mzee aliuminya ule mto.

"Lilikuwa linakwenda," akakubali.

Kofia aliitundika msumarini, na hapo ikakaa. Kila asubuhi alivuta kiti dirishani, na kila lori lililopita alimkosoa dereva wake: huyu kachelewa kubadili gia, yule anaua breki. Ofisini, namba kumi na nne ilileta uso wa kijana mwenye ndevu nzuri. Binti alibonyeza haraka, hakutaka kumzoea.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, alimkuta baba amelala kitini. Akavuta kigoda, akakaa kumtazama. Sekunde kumi na mbili zilipita, na nyingine kumi na mbili, wala hakusinzia.

Mzee akafumbua macho. Mkono ulikwenda kichwani kuinua kofia isiyokuwepo, naye akatabasamu, macho yameelekea juu ya kichwa cha binti yake, pale kamera ilipokuwa ikikaa.

"Niko hapa, baba," alimwambia. "Huku chini."