Pini ya Mwalimu wa Mpira

Mwalimu wa mpira wa shule ya misheni pale Changamwe hakukosa pini kwenye kola ya shati. Kabla ya kila mechi wavulana waliketi kwa safu, miguu mitupu, naye akazipapasa nyayo zao moja moja kwa kidole gumba, akichokoa miiba huku akigomba: "Tulia! Mguu huu si wako peke yako." Lakini miiba haikumsumbua kama bandari. Kila mchezaji aliyeiva alikimbilia kibarua huko. Charo, mfungaji wake bora, alipoondoka vivyo hivyo, mwalimu hakulitaja jina lake mwaka mzima. Jumamosi moja Charo akatokea na viatu vya kazi. Akavivua, akaketi mwisho wa safu, akanyoosha mguu. Mwalimu akaupapasa, taratibu.

"Huu hauna mwiba."

"Najua, mwalimu."

"Haya, lete wa pili."